Kwa nini mistari ya tailizi huzidi kuwa myeusi kadiri unavyodeki

Piga magoti sebuleni kwako, inama mpaka shavu likaribie sakafu, kisha tazama upande wa dirishani ambako mwanga unaingia. Utaona kwamba mstari ulio kati ya tailizi na tailizi haulingani nazo. Umebonyea kidogo, milimita moja hivi, wakati mwingine zaidi. Kila dekio linapopita, maji machafu hutafuta pa kushukia, na pa kushukia ni hapo.

Mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, aliniita nimtazamie sakafu yake. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha sebule, akasema, "Mwanangu, mimi nadeki asubuhi, nadeki jioni, na binti akirudi shule anadeki tena. Mbona ninavyozidi kudeki ndivyo inavyozidi kuwa myeusi?" Alikuwa ameshagombana na wasichana wawili wa kazi kwa sababu ya mistari hiyo. Nilimwomba anionyeshe ndoo. Ilikuwa moja, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa kabla hata ya kufika jikoni. Wale wasichana hawakuwa wavivu. Walikuwa wakichukua vumbi kutoka juu ya tailizi na kulipeleka kwenye mstari, mara tatu kwa siku, kwa miaka minne.

Kazi ya kusafisha na kuziba mistari ya tailizi imeanza kutangazwa sana hapa Dodoma, na watu wanalipa bila kujua wanalipia nini. Wengine wanalipia kitu kinachoharibu sakafu zao. Ndiyo maana nataka tuanzie kwenye mstari wenyewe.

Tailizi haina matatizo mengi. Mara nyingi uso wake una ngozi nyembamba ya kioo iliyochomwa tanuruni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na vumbi halipati pa kushika. Mstari ni kitu kingine kabisa. Huo ni simenti, ile ambayo mafundi huiita grauti. Simenti ikishakomaa hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoungana kama mirija, na maji huingia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Maji yanapokauka huondoka peke yake. Tope laini, mafuta ya kupikia na mabaki ya sabuni yaliyoingia nayo hubaki ndani. Kesho yake unadeki tena.

Ubora wa mstari uliamuliwa siku ulipojazwa. Grauti ya mfukoni, ile inayouzwa tayari, ina simenti, rangi na viungo vya kuifanya ishike vizuri. Kwa mistari yenye upana wa zaidi ya milimita 3 huchaguliwa ile iliyochanganywa na mchanga laini, ili isisinyae. Lakini katika nyumba nyingi nilizoingia, mistari imejazwa simenti nyeupe tupu iliyokorogwa na maji mpaka ikawa kama uji. Simenti tupu ikikauka husinyaa na kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Na maji yakizidi kwenye mchanganyiko, yakiisha kutoka huacha vitundu vingi zaidi.

Halafu kuna upepo wetu. Fundi anapiga grauti mwezi wa nane, madirisha hayajawekwa vioo, upepo mkavu unapita kutoka sebuleni hadi jikoni. Simenti haigumu kwa kukauka. Hugumu kwa kushikana na maji, na ikinyang'anywa maji mapema hubaki nusunusu. Kila fundi hapa mjini anajua kwamba zege la jamvi, yaani lile la sakafu ya chini, humwagiliwa maji kwa siku kadhaa, lakini mstari wa tailizi, ambao ni simenti ileile tena nyembamba, anauacha upigwe upepo. Ungepigiwa tu kitambaa chenye unyevu au kunyunyiziwa maji kidogo asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, ungetoka mgumu. Siwalaumu mafundi peke yao. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 watu wamejenga kwa haraka, na mwenye nyumba anayetaka kuingia Jumamosi hampi fundi nafasi ya kusubiri.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia dawa yoyote, chukua sarafu ukwaruze mstari mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano. Ukitoa unga kama chaki, kusafisha hakutakusaidia sana. Mstari wa namna hiyo unahitaji kukwanguliwa na kujazwa upya. Ukiwa mgumu, tunaweza kuendelea.

Uchafu wenyewe si wa aina moja, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Sebuleni na kwenye varanda ni vumbi. Udongo wetu mwekundu unapata wekundu wake kutokana na oksidi ya chuma, chembe laini sana zinazopaka rangi kila zinapotua. Jikoni ni mafuta yaliyoshikana na vumbi hilohilo. Bafuni ni jambo lingine. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora na visima vingine ambavyo watu wamejichimbia, na maji ya ardhini ya kanda hii mara nyingi ni magumu. Yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ndiyo maana birika lako lina ukoko mweupe ndani, na ndiyo maana sabuni haitoi povu haraka. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo hugeuka utando wa kijivu usioyeyuka, ambao hukaa kwenye mistari ya bafu na kuwa chakula cha ukungu. Aina ya nne ni unga mweupe unaotoka ndani ya mstari wenyewe: chumvi za simenti na za udongo zinazopandishwa na unyevu kutoka chini. Unyevu ukifika juu unakauka, chumvi zinabaki. Huo haukuletwa na dekio hata kidogo.

Mafuta na vumbi huondoshwa na vitu vya jamii ya magadi. Magadi yaleyale ambayo Wagogo huweka kwenye mlenda ili uive vizuri, yakiyeyushwa kwenye maji ya moto hulegeza mafuta, hata kuyageuza sehemu yake kuwa sabuni, na pia hupunguza ugumu wa maji. Dawa nzuri za dukani za kusafishia mistari ni za upande huohuo, ila zina nguvu zaidi na zimetengenezwa ili zisuuzike kwa urahisi. Vaa glavu, kwa sababu mafuta ya ngozi nayo ni mafuta.

Ukoko wa maji magumu, utando wa sabuni na ule unga mweupe huhitaji asidi, na asidi ndiyo imeharibu sakafu nyingi kuliko vumbi. Watu hununua asidi ya haidrokloriki, ile kali ya kusafishia vyoo, mara nyingine kwenye chupa isiyo na lebo, wakaimwaga juu ya mistari. Inachemka. Povu linapanda, mstari unakuwa mweupe pe, na kila mtu chumbani anafurahi kwa sababu anadhani uchafu unatoka. Povu lile ni hewa ya kaboni inayotoka asidi inapoila simenti. Umekwangua ngozi ya juu ya mstari, na weupe unaouona ni nyama ya ndani iliyoachwa wazi, yenye vitundu vikubwa kuliko mwanzo. Baada ya mwezi mmoja inakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Unaitwa tena mtu wa asidi. Nimeona mistari iliyopitia hivyo mara tano sita, ikawa mifereji mitupu, maji ya kudeki yanapita chini ya tailizi, na tailizi zinaanza kulia ukizikanyaga.

Kama ukoko wa bafuni ni mwingi mno, asidi dhaifu inaweza kutumika na mtu anayejua. Kwanza mistari inaloweshwa maji safi, ili vitundu vijae na asidi isizame. Inapakwa kidogo, dakika chache tu, inasuguliwa, inasuuzwa kwa maji mengi, na mwisho inapitishwa maji ya magadi ili kuua mabaki yake. Hata siki na limau ni asidi. Mara moja si neno, ila kuifanya desturi ya kila wiki ni kuula mstari polepole.

Kiswahili chetu nacho kimechangia kosa moja. Neno marumaru tunalitumia kwa tailizi za kuchomwa kiwandani na pia kwa jiwe halisi la marumaru. Jiwe halisi ni kalsiamu kaboneti, jamii moja na chokaa, na asidi yoyote, hata maji ya limau yaliyomwagika mezani, huliunguza na kulifanya lififie. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo ngazi zake zilikuwa za jiwe hilo. Waliokuja kabla yangu waliambiwa tu "safisheni marumaru", wakatumia dawa waliyoizoea. Ule mng'ao haurudishwi kwa dawa. Hurudishwa kwa kusaga na kung'arisha jiwe upya kwa mashine. Mwenye sakafu ya jiwe au ya terazo, ile ya simenti yenye vipande vya mawe iliyosagwa ikang'aa, aseme hivyo wazi kabla mtu hajafungua ndoo.

Dawa za klorini, zile za kung'arishia nguo nyeupe, zina kazi yake: zinaua ukungu bafuni na kuuondolea weusi. Hazinyanyui vumbi jekundu, kwa sababu rangi ya chuma haifutiki kwa klorini. Na narudia jambo hili kila nyumba ninayoingia: klorini na asidi visikutane, wala kwenye ndoo, wala kwenye sakafu iliyopakwa kimoja asubuhi na kingine mchana bila kusuuzwa. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha la kutosha gesi hiyo inaweza kuua. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kuchukua ndoo.

Sasa mtu wa kazi akija kwako, afanye nini? Aanze kwa kujaribu dawa yake kwenye kona iliyofichika na kusubiri aone. Afagie au anyonye vumbi lote likiwa kavu, maana ukilowesha vumbi unatengeneza tope la kwenda kwenye mistari. Apake dawa na kuipa dakika 10 hadi 15 ifanye kazi, bila kuiacha ikauke. Hili la kukauka ni gumu huku kwetu, kwa hiyo aende vipande vidogo, mita mbili kwa mbili, badala ya kumwaga sebule nzima. Asugue kwa brashi ya nailoni, ya mkono au ya mashine inayozunguka. Brashi ya chuma na stili waya hukwangua mstari na kuacha vipande vinavyopata kutu, nawe unabaki na madoa ya kahawia ambayo hukuwa nayo.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: kuyatoa yale maji. Huko Marekani na Ulaya baadhi ya kampuni za usafi hutumia mtambo uliofungwa kwenye gari, unaopiga maji ya moto kwa msukumo na kuyanyonya papohapo kupitia kichwa kilekile, hivyo uchafu hautulii hata sekunde chache. Hapa wengi wetu tunatumia mashine ya kunyonya maji pamoja na ile ya kusugulia. Matokeo ni mazuri mradi maji yanyonywe yangali meusi na yanayoelea, sakafu isuuzwe kwa maji safi, na yanyonywe tena. Asiye na mashine ya kunyonya anaweza kuyavuta kwa mpira na kuyakausha kwa vitambaa vikavu, ila atatoa jasho. Mtu akisugua vizuri kisha akamalizia kwa dekio na ndoo moja, amerudisha uchafu ulikotoka. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kabla ya kumpa mtu kazi, ningeuliza: maji machafu utayatoa kwa kitu gani?

Kisha sakafu ikauke. Hapa Dodoma tumebarikiwa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja mvua ni adimu, hewa ni kavu, na mstari ulioloweshwa Jumatatu unaweza kuwa tayari Jumatano. Msimu wa mvua ni afadhali kungoja zaidi. Kuna nyumba ambazo hazikauki hata kiangazi, kwa sababu chini ya jamvi haikutandikwa nailoni na unyevu unapanda. Kupima ni rahisi: kata nailoni safi ya mraba, mita moja kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe wa kunata pande zote nne, iache kutwa na kuchwa. Ukikuta matone upande wa chini, tafuta kwanza unyevu unatoka wapi. Usizibe.

Kuziba kwenyewe ni kupaka dawa ambayo madukani huitwa sila, na ziko za namna mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Moja huzama. Ni nyembamba kama maji, nyingi hutengenezwa kwa viungo vya jamii ya silikoni, huingia ndani ya vitundu na kupaka kuta zake ili maji yakatae kuingia. Mstari hauonekani kubadilika, na mvuke wa kutoka chini bado unapita. Nyingine hukaa juu kama vanishi, hung'aa, hupendeza siku ya kwanza. Unyevu ukipanda kutoka chini huibandua kama ngozi ya nyoka, na unapotaka kuirudia lazima kwanza uiondoe yote. Kwa nyumba za kwetu, zenye mistari ya simenti na jamvi usilolijua vizuri, mimi huchagua inayozama kila mara.

Watu wengi huambiwa sila ni ya sakafu nzima, wakatozwa hivyo. Hebu tupige hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Tailizi zikiwa za sentimita 40 kwa 40, kila mita ya mraba ina takriban mita 5 za mstari, kwa hiyo sebule nzima ina mita 100. Mstari wa milimita 3 kwa urefu wa mita 100 unakupa eneo la mita za mraba 0.3. Basi! Sakafu inayohitaji sila ni ndogo kuliko meza ya sebuleni. Tailizi yenye ngozi ya kioo hainywi sila. Ikipakwa na kuachwa hapo hukauka juu na kuacha utando wa kunata ambao utashika vumbi vizuri ajabu. Anayejua kazi hupaka kwa brashi ndogo au kichupa chenye gurudumu, huacha dakika tano hadi kumi, hufuta yote iliyobaki juu, na mara nyingi hurudia mara ya pili. Gharama kubwa ya kuziba ni subira na magoti. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini bafu dogo lenye tailizi za sentimita 20 linaweza kugharimu karibu sawa na sebule: lina mita 10 za mstari kwa kila mita ya mraba.

Huna uhakika kama tailizi zako zinanywa maji? Tafuta kipande kilichobaki baada ya ujenzi, kigeuze, udondoshee maji mgongoni. Tailizi za poseleni, kwa viwango vya kimataifa, hunyonya asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo, na maji yatakaa juu. Za ukutani zinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 na zitayameza papo hapo. Lakini huo ni mgongo. Uso wa tailizi nyingi una kioo. Wanaohitaji sila kwenye uso mzima ni wenye jiwe halisi, terazo, na vigae vya udongo visivyo na ngozi ya kioo.

Kuna mambo sila haiyawezi. Haizibi ufa, haizuii bafu la ghorofani kuvuja, haigandishi mstari unaotoa unga, na haing'arishi doa lililoachwa ndani, inalifungia humo. Kwenye pembe ambako sakafu inakutana na ukuta, nyumba hucheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na grauti hapo itapasuka kila mwaka hata ukiizibaje. Panahitaji silikoni ya kuzibia pembe, inayovutika kama mpira. Na kama mistari imejazwa grauti ya epoksi, ambayo ni plastiki ngumu badala ya simenti, haihitaji sila kabisa. Ukilipa, umetupa pesa.

Pale Ilazo tulikwangua mistari ya mlangoni tu, iliyokuwa imekuwa unga, tukaijaza upya, na mama mwenyewe akainyunyizia maji kwa siku tatu kwa kopo la kumwagilia maua. Iliyobaki tuliisafisha, tukaiacha ikauke siku mbili, tukaipaka sila inayozama. Mistari ya mlangoni ilisubiri mwezi mzima ndipo ikapakwa, ili simenti ikomae. Ndoo sasa ni mbili, moja ya sabuni kidogo na moja ya kusuuzia dekio, na maji hubadilishwa kabla ya kugeuka rangi. Viatu vinavuliwa barazani. Anadeki mara moja kwa siku.

Nilimwachia pia kipimo. Kila baada ya miezi sita adondoshe matone matatu ya maji kwenye mstari: moja mlangoni, moja jikoni mbele ya jiko, moja chini ya kochi. Asubiri dakika tano. Matone yakikaa juu kama shanga, sila bado ipo. Mstari ukinywa na kuwa mweusi, sila ya hapo imekwisha, na mara nyingi itaanza kuisha mbele ya jiko, pengine ndani ya mwaka mmoja, wakati chini ya kochi inaendelea kudumu miaka mitatu minne. Si lazima kurudia nyumba nzima. Kichupa kilichobaki kipo juu ya kabati lake la vyombo, kimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino.